Barua ya usaili imefika, mlango haujatajwa: niulize tena au ninyamaze?

"Shikamoo mama. Nipo Kasulu, nina miaka 26, nina diploma ya uhasibu. Wiki iliyopita nilipata barua pepe ya kuitwa kwenye usaili wa mhasibu msaidizi katika shirika moja la kilimo lenye ofisi Tabora. Barua ni ya Kiingereza. Inasema Jumanne tarehe 9 Agosti, 10:00, kwenye ofisi yao ya Tabora, basi. Chini kuna S.L.P. ya Dar es Salaam. Jumapili ikaja meseji ya Kiswahili: 'Unakumbushwa usaili tarehe 9 saa 10:00, fika na vyeti.' Jumatatu nikawaandikia: 'Habari, naomba maelekezo zaidi kuhusu usaili.' Leo Jumatano, kimya. Namba iliyotuma meseji inaita tu, haipokelewi. Mjomba anasema niache kuulizauliza, nitaonekana msumbufu na wanaweza kunifuta. Anadai wanapima nani anajiongeza. Nauli na gesti ni hela ya kukopa. Niende tu nikaulizie hukohuko, au nisubiri?"

Marahaba mwanangu, na mwakeye kwa wote wa Kasulu. Kwa kuwa siku zilikuwa zinakwenda, jibu la haraka nilikutumia kwa simu Jumatano ileile: uliza tena, safari hii uliza vingine, na ukate tiketi ya Jumapili. Hapa naeleza kwa kirefu, maana swali hili si lako peke yako. Nimelipata kutoka Kibondo, Uvinza, Sikonge na Kaliua, na karibu kila mara anayeuliza ameshalala siku mbili tatu bila usingizi kwa jambo la mstari mmoja.

Nikikusoma vizuri, safari yenyewe huiogopi. Unavutwa na hofu mbili. Ukiuliza, utaonekana msumbufu. Usipouliza, utashuka stendi ya Tabora na bahasha ya vyeti usijue bodaboda umwambie akupeleke wapi, na hela uliyokopa inaisha. Mjomba wako anakupenda, na ushauri wake unatoka kwenye heshima tuliyolelewa nayo wengi wetu: mkubwa akikuita, unakwenda, humuulizi maswali. Lakini kwenye usaili heshima hiyo inamlinda mtu asiyehitaji kulindwa, na inakuumiza wewe.

Nieleze mambo yanavyokwenda upande wa pili wa meza. Nimekuwa afisa utumishi kwa miaka kumi na tisa, mingi nikiwa hapahapa Tabora, na nimepanga usaili mwingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Anayekuandikia barua ya kuitwa mara nyingi hayumo kwenye jopo litakalokuuliza maswali. Ni katibu muhtasi, au kijana wa utumishi mwenye orodha ya majina kwenye kompyuta. Huchukua barua ya mwaka jana, hufuta tarehe ya zamani, huweka mpya, kisha huituma kwa wote kwa mkupuo. Mahali pa usaili huachwa palivyokuwa, au hapakuandikwa tangu mwanzo, kwa sababu aliyeandika barua ya kwanza anaijua ofisi yake na hakuwahi kuwaza kwamba kuna asiyeijua. Jopo lenyewe, watu watatu hadi watano, hupewa faili lako asubuhi ya usaili: barua ya maombi, wasifu, nakala za vyeti, na karatasi ya alama. Karatasi hiyo ina mistari ya ujuzi wa kazi, uzoefu, kujieleza, pengine lugha na kompyuta. Sijawahi kuona mstari wa kumpunguzia alama mtu aliyeuliza ofisi iko wapi.

Nami niliwahi kuikosea barua hiyohiyo. Tuliwaita watu 34. Mwaka uliotangulia tulikodi ukumbi mmoja wa mjini; mwaka huo tukahamia jengo jingine, na barua nikainakili bila kubadilisha mahali. Watatu walinipigia simu siku chache kabla, kila mmoja akiuliza kwa upole kama ukumbi ni uleule. Nikawaelekeza jengo jipya, na kwa uzembe sikuwaandikia wale wengine 31. Siku yenyewe wengi walifika wakihema, wameelekezana njiani. Mmoja alitoka Kibondo. Aliingia mlangoni kwangu saa sita na nusu mchana, miguuni ana kandambili zilizojaa vumbi, mkononi mfuko wa plastiki wenye viatu vya usaili ambavyo hakuwa amepata pa kuvivalia. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za ukumbi wa zamani tangu saa mbili akidhani wenye shughuli wamechelewa. Nilimuuliza kwa nini hakupiga simu. Alisema hakutaka kunisumbua. Niliwabembeleza wanajopo wakamrudishia dakika kumi na tano, akajibu huku jasho linamtoka, na kazi hakuipata. Kosa lilikuwa la kwangu, na bado linaniuma. Ndiyo maana nikisikia mtu anaambiwa asiulize, siwezi kunyamaza.

Sasa tuutazame ukimya unaokutesa. Wewe umeusoma kama ishara kwamba wamekufuta au wanakupima. Mimi, nikitazama tarehe zako, naona jambo la kawaida zaidi. Barua yako uliituma Jumatatu tarehe 1 Agosti. Hiyo ndiyo siku maonesho ya wakulima yanapoanza, na kwa Kanda ya Magharibi, yaani Tabora na Kigoma, yanafanyika huku Tabora, viwanja vya Ipuli. Shirika la kilimo wiki hiyo haliko ofisini. Liko bandani, watu wamesimama tangu asubuhi wakigawa vipeperushi na kueleza mbegu. Anayetakiwa kukujibu anasoma barua zako kwenye simu, jua likipiga kioo, pembeni kuna mkulima wa Urambo anayesubiri maelezo. Akiona "naomba maelekezo zaidi kuhusu usaili", anasema moyoni nitaijibu jioni nikitulia. Jioni hatulii.

Hapo ndipo lilipo kosa la ujumbe wako wa kwanza, na ni kosa dogo, linarekebishika. Haukuwa na usumbufu wowote. Ulikuwa mpana mno. "Maelekezo zaidi" hayajibiki kwa neno moja. Yanamlazimu msomaji afungue barua aliyokutumia, aisome upya, akisie wewe umekwama wapi, kisha aandike aya nzima. Msaidie. Mpe swali ambalo jibu lake ni jina la jengo au neno "ndiyo", na umwambie jibu unalihitaji kabla ya lini na kwa nini. Hilo la mwisho watu wengi wa huku kwetu hulisahau. Mtu aliyekaa Dar es Salaam akisikia Kasulu na Tabora anaona majirani. Hajui kwamba utapita Uvinza, Kaliua na Urambo, au utazungukia Kibondo, Nyakanazi na Kahama, na kwamba kwa vyovyote vile siku nzima imekwisha. Hajui kwamba treni ya Kigoma haipiti kila siku, na kwamba kwenu Kasulu haifiki kabisa. Kwake siku ya mwisho ya kukujibu ni Jumatatu jioni. Kwako ni Jumamosi, kabla basi halijaondoka. Usipomwambia, hana pa kuijulia.

Basi andika hivi. Barua yao ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo na yako iandike kwa Kiingereza kama unakimudu bila kubahatisha. Vinginevyo Kiswahili safi kinatosha, maana wenyewe wamekutumia meseji ya Kiswahili:

"Habari za kazi. Naitwa (jina kamili kama lilivyo kwenye barua). Nimeitwa kwenye usaili wa Mhasibu Msaidizi, Jumanne tarehe 9 Agosti, na ninathibitisha kwamba nitafika. Naomba kuhakikisha mambo mawili: usaili utafanyika jengo gani hapo Tabora mjini, na lipo karibu na nini? Na saa 10:00 iliyoandikwa ni saa nne asubuhi? Natokea Kasulu na basi langu linaondoka Jumapili alfajiri, hivyo nitashukuru kupata jibu kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Asante sana. Simu: ..."

Angalia ulivyoanza: kwa kuthibitisha kwamba utafika. Huyo kijana wa utumishi ana safu kwenye orodha yake ya nani anakuja na nani haji, na kila anayethibitisha humpunguzia kazi. Umempa kitu kabla hujamwomba kitu. Angalia pia "lipo karibu na nini". Anwani za makazi zimewekwa nchi nzima tangu zoezi la mwaka 2022, lakini bodaboda wa Tabora bado anakwenda kwa alama: karibu na stesheni, nyuma ya hospitali ya Kitete, mkabala na msikiti fulani Isevya. S.L.P. ni sanduku la barua. Huwezi kubisha hodi kwenye sanduku.

Usianzishe barua mpya. Ifungue ileile waliyokuitia, bonyeza kujibu, ili barua yao ibaki chini ya yako na asihangaike kutafuta wewe ni nani. Lakini kabla ya hapo tazama kwa makini anwani iliyokutumia. Mashirika mengi hutuma barua za kuitwa kwa mfumo wa kompyuta, na anwani ya mfumo huo haisomwi na mtu. Ukiijibu, barua yako inatumbukia shimoni, nawe unakaa siku tatu ukidhani umedharauliwa. Kama ni ya namna hiyo, tafuta ndani ya barua au kwenye tangazo la kazi kama kuna anwani nyingine ya maswali, uiandikie hiyo. Fungua na kiambatisho, kama kipo, hadi ukurasa wa mwisho. Pitia folda ya barua taka. Nimeona watu waliolalamika hawakuambiwa mahali, na mahali pameandikwa ukurasa wa pili. Kuuliza kilichokwisha kuandikwa ndiko kunakomfanya katibu atikise kichwa. Kwa hilo mjomba angekuwa na haki.

Saa sasa. Nakuomba usilichukulie kwa wepesi, maana kwenye barua yako ndilo jambo la hatari kuliko hata mahali. Una maandishi mawili: barua ya Kiingereza inayosema 10:00, na meseji ya Kiswahili inayosema saa 10:00. Kiingereza kinahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 10:00 ni saa nne yetu ya asubuhi. Kiswahili kinahesabu kuanzia machweo na mawio, kwa hiyo saa 10:00 ni saa kumi, jioni. Kati ya hizo mbili kuna masaa sita. Mimi nadhani aliyekutumia meseji amehamisha tarakimu kutoka kwenye barua bila kuzitafsiri, jambo linalotokea kila siku ofisini, na usaili ni saa nne asubuhi. Hakuna shirika ninalolijua linaloanza usaili saa kumi jioni. Lakini usiende kwa dhana yangu. Uliza kwa maneno, "saa nne asubuhi", usiulize kwa tarakimu, kwa sababu tarakimu ndizo zilizowapoteza. Na kama jibu halikuja kabisa, fuata saa ya mapema. Ukifika saa tatu na nusu asubuhi kumbe usaili ni jioni, umepoteza mchana mmoja wa kukaa kwenye benchi. Ukikosea upande wa pili, umepoteza kazi.

Kwa wenzako wanaoitwa kwa usaili wa video, hesabu hiyo ina mtego wa ziada. Waliopo Bujumbura wako nyuma yetu kwa saa moja, na ukiwa karibu na mpaka, sehemu za Manyovu au Kagunga, simu inaweza kushika mtandao wa Burundi na kujirudisha nyuma yenyewe. Mtu wa Geneva yuko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi, kwa sababu Ulaya hubadilisha saa mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba. Waandikie "saa za Afrika Mashariki" na uwaombe wathibitishe.

Simu isiyopokelewa isikukatishe tamaa. Shirika likitangaza kazi, namba yake hupigwa na watu wasiojulikana kutwa nzima, na mwenye simu huishia kuinyamazisha. Kwa hiyo tanguliza ujumbe mfupi: jina, kazi uliyoitiwa, tarehe, swali moja. Kisha piga baada ya dakika chache, na itapokelewa kwa urahisi zaidi kwa sababu umeshakuwa mtu mwenye jina. Piga kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Usibipu kamwe. Usitume ujumbe wa sauti WhatsApp. Bandani kuna kelele, hawezi kuusikiliza, na mtu asiyekujua hana sababu ya kukupa dakika mbili za sikio lake. Wala usihesabu alama za buluu.

Mara ngapi? Watu hunibana kwenye hili wakitaka namba kamili. Kwa kesi yako: barua ya pili Jumatano, ujumbe mfupi na simu Alhamisi, na Ijumaa asubuhi simu moja kwa namba nyingine, ile ya mapokezi ya makao makuu, ambayo mara nyingi huipata kwenye matangazo yao ya zabuni. Mapokezi hupokea simu. Ndiyo kazi yao, na hawahitaji kujua lolote kuhusu usaili ili kukuambia ofisi ya Tabora ipo mtaa gani. Zaidi ya hapo, yaani kupiga mara saba kwa siku au kuwatafuta wanajopo mmojammoja kwenye mitandao, hapo ndipo usumbufu unapoanzia. Mwanajopo usimtafute kabisa. Hata kama nia yako ni mahali tu, unamweka pabaya, na baadhi watajitoa kukusaili au watalitaja jambo hilo mbele ya wenzao.

Kuhusu nauli, naona hukuthubutu hata kuniuliza mimi. Unaruhusiwa kuuliza. Usiichanganye na maswali mawili ya kwanza, ngoja wakujibu mahali na saa, halafu ushukuru na uongeze mstari mmoja: "Naomba kujua kama kuna utaratibu wa nauli kwa wanaotoka mbali, au kila msailiwa anajigharamia." Swali limekaa katikati, halidai, halilii. Mashirika mengine hurudishia ukionyesha tiketi, mengine hayatoi kitu. Kwa hiyo tiketi itunze. Ila safari ipange kana kwamba hakuna atakayekurudishia shilingi.

Niende au nisubiri? Tuseme Jumamosi saa sita imepita na hakuna aliyejibu. Kusubiri nyumbani kuna faida moja, hela yako inabaki. Hasara yake ni kwamba jibu likija Jumatatu jioni, ni vigumu kupata basi litakalokufikisha Tabora saa nne asubuhi ya Jumanne. Unaweza kuwaomba wakusaili kwa simu ya video. Ni ombi halali, lakini ombi la aina hiyo kwa watu ambao hawajajibu hata swali la mahali lina nafasi ndogo, na intaneti ikikatika katikati ya swali la mizania utajuta. Kwenda bila jibu kunakugharimu nauli na pengine usiku mmoja zaidi. Kwa hali yako, barua ikiwa ya kweli, ningekwenda. Tabora si Dar es Salaam. Mji unazungukika kwa bodaboda kwa asubuhi moja, na shirika lenye magari ya shambani linajulikana.

Na una bahati ambayo hukuiona. Jumatatu tarehe 8 ni Nanenane, ofisi zote zimefungwa, nawe unaweza kuiona siku hiyo kama ukuta. Kwako ni mlango. Wenyewe wako Ipuli, wamesimama chini ya bango lenye jina lao. Lala vizuri Jumapili usiku, Jumatatu nenda viwanjani mapema kabla msafara wa mgeni rasmi haujafika na watu hawajawa wengi, ulizia banda lao, salimia, sema: "Nimeitwa kwenye usaili kesho, naomba kuelekezwa ofisi." Ukishaelekezwa, shukuru uondoke. Usitoe vyeti, usijaribu kujieleza, usikae kuzungumza na kila mtu; hapo hujaja kusailiwa. Kisha panda bodaboda ukaione ofisi yenyewe, umsalimie mlinzi, ujue geti linafunguliwa saa ngapi. Ila gesti itafute sasa hivi, kwa simu, kabla hujatoka Kasulu. Wiki ya Nanenane wageni ni wengi na vyumba vya bei ya chini huisha mapema. Kama una ndugu au mwanafunzi mwenzako anayeishi Kanyenye, Cheyo au popote mjini, mwombe leo aende hadi ofisini kwa niaba yako akasome kibao cha mlangoni. Hiyo inashinda barua pepe kumi.

Nimesema "barua ikiwa ya kweli", na hapa nisikilize. Barua isiyo na mahali mara nyingi ni uzembe, lakini mara chache ni mtego. Matapeli wanapenda kuacha pengo ili uwapigie wewe, kisha wakudai hela ya fomu, ya vipimo vya afya, au ya "kukushikia nafasi". Ishara yake ni hela. Mwajiri wa kweli hamtozi mtu ili amsaili, na hata kwa mawakala wa ajira, kanuni ya msingi ya Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 ni kwamba mtafuta kazi asitozwe. Kwa hiyo namba ya kuthibitishia usiichukue kwenye barua unayoitilia shaka. Ichukue kwenye tovuti ya shirika au kwenye tangazo ulilolijibu. Na jiulize: kazi hii niliiomba kweli? Kama uliiomba, kinachobaki ni hela, na kwenye barua yako hujataja kudaiwa kitu. Moyo wangu umetulia kiasi hicho. Lakini siku watakayotaja hela, au wakikuambia mkutane gesti au nyumbani kwa mtu, usiende. Peleka barua na namba zao polisi, na umwone afisa kazi kwenye ofisi ya kazi ya mkoa. Hilo si jambo la kumaliza kwa simu wala kwa kuniandikia mimi. Binti akiitwa mahali asipopajua asiende peke yake, hata kama barua inaonekana safi.

Kwa wanaoitwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, mambo ni tofauti kidogo. Tangazo lao huwa na tarehe, saa na mahali kwa kila kada, na orodha ndefu ya masharti ambayo wengi huiruka wakikimbilia kutafuta majina yao. Isome yote. Wanataka vyeti halisi na kitambulisho, hawapokei hati za matokeo badala ya vyeti, na huandika wazi kwamba msailiwa anajigharamia chakula, usafiri na malazi. Majina yako yakitofautiana kati ya cheti na kitambulisho, lishughulikie mapema, ukiwa bado kwenu. Mlangoni pa usaili hakuna atakayeweza kukusaidia.

Meseji yao imesema "fika na vyeti" bila kusema vipi. Hilo usiwaulize, umeshawapa maswali ya kutosha. Jibu lake unalibeba mwenyewe. Chukua vyeti halisi, nakala seti mbili, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa au namba yake pamoja na kitambulisho kingine chenye picha, barua ya kuitwa iliyochapishwa, kalamu mbili na kikokotoo, maana kwa uhasibu huwezi kujua kama kuna mtihani wa kuandika. Vyote kwenye bahasha ngumu, ndani ya begi unalolipakata mwenyewe. Begi la vyeti haliwekwi buti ya basi.

Wakikujibu, wajibu kwa mstari mmoja ndani ya saa ileile: "Nimepokea, asante, nitafika." Basi likiharibika njiani, usingoje saa nne ipite ndipo uanze kueleza. Piga palepale, useme uko wapi na unategemea kufika saa ngapi. Jopo huweza kubadilisha zamu kama limejua mapema. Na namba zao, ya utumishi na ya mapokezi, ziandike pia kwenye karatasi uzitie kwenye bahasha ya vyeti, kwa sababu kutoka Kasulu hadi Tabora chaji ya simu inaweza kuisha kabla ya safari.